Usumbufu wa barabarani ughaibuni: Yampasayo kuyajua mwanamke msafiri

MWANAMKE anayefunga safari ya kwenda ng'ambo, awe mwanafunzi, mfanyabiashara, mfanyakazi wa nyumbani au mgonjwa anayefuata matibabu, hupewa nasaha nyingi kabla ya kuondoka. Huambiwa habari za tikiti, viza, chanjo, fedha na nguo za baridi.

Ni nadra kuambiwa afanye nini iwapo mwanamume asiyemjua atamshika kiuno mchana kweupe, katika mji ambao haijui lugha yake wala hajui kituo cha polisi kiko upande gani.

Usumbufu wa aina hii hauna sura moja. Huanza kwa mluzi na maneno machafu, ukawa kufuatwa hatua kwa hatua hadi mlangoni, kisha kushikwashikwa ndani ya basi, na wakati mwingine huishia kwa shambulio kamili.

Waama, mwanamke wa Kenya si mgeni wa mambo haya. Anayepita katika kituo cha matatu jijini Nairobi anajua jinsi makanga wanavyovuta mikono ya abiria, na mnamo Novemba 2014 wanawake waliandamana jijini humo baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliodai kwamba alikuwa amevaa vibaya.

Hata hivyo, nyumbani mtu ana silaha ambazo hazihesabu. Anajua duka la kuingilia, mama mboga wa kumwita na lugha ya kumkemea mkosaji hadi watu wageuke. Avukapo mpaka, silaha hizo hubaki nyuma, na kinachoweza kushika nafasi yake ni maarifa: kosa lenyewe linaitwaje katika nchi hiyo, nani analisikiliza, na ushahidi gani unahitajika.

Jiji la Cairo, Misri, linastahili kutazamwa kwa kirefu. Kwa miaka mingi limekuwa kituo cha wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma katika Chuo Kikuu cha Al-Azhar, aidha ni jiji ambalo tatizo hili limechunguzwa, likabishaniwa na kutungiwa sheria mbele ya macho ya ulimwengu.

Mnamo Oktoba 2006, wakati wa sikukuu ya Idd-ul-Fitr, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake katikati mwa jiji hilo, yakawashika na kuwararulia nguo. Magazeti makubwa yalikaa kimya mwanzoni. Waliofichua habari hizo ni vijana waliokuwa pale pale na wakaandika waliyoyaona kwenye mtandao wa intaneti.

Miaka miwili baadaye, Kituo cha Misri cha Haki za Wanawake kilichapisha utafiti uliowashtua wengi. Asilimia 83 ya wanawake wa Misri waliohojiwa walisema wamewahi kusumbuliwa, nao wanawake wa kigeni waliosema hivyo walikuwa asilimia 98. Asilimia 62 ya wanaume waliohojiwa walikiri wenyewe kwamba wamewahi kutenda kosa hilo. Mnamo 2013, utafiti wa shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia masuala ya wanawake ulipata kwamba asilimia 99.3 ya wanawake waliohojiwa nchini humo walikuwa wamekumbana na usumbufu wa namna moja au nyingine.

Jambo la kuzingatiwa zaidi katika utafiti wa mwaka wa 2008 lilihusu mavazi. Wengi wa Wamisri waliosumbuliwa walikuwa wanawake wenye kujistiri, waliovaa hijabu kama desturi inavyotaka.

Kwa hivyo, msichana wa Mombasa au Lamu anayedhani kwamba buibui lake litamkinga katika mitaa ya Cairo anaweka tumaini pasipo na nguzo. Kuvaa kwa kufuata desturi za wenyeji ni adabu njema, na huenda kukapunguza macho ya watu, lakini si kinga. Tena hakuna haja ya msichana aliyeshikwa kujiuliza usiku kucha alikosea wapi katika kuvaa kwake.

Mwaka huo huo wa 2008 ndipo jina la Noha Rushdi lilipovuma. Mnamo Juni, mwanamke huyo, mtengenezaji wa filamu mwenye umri wa miaka 27, alikuwa akitembea barabarani pale dereva wa gari dogo la mizigo alipomshika na kumburura. Noha hakukubali yaishie hapo. Alimfuata dereva huyo na kumzuia asiondoke, ingawa baadhi ya watu waliokusanyika walimsihi amwachilie aende zake, kisha akahakikisha kwamba amefikishwa kituoni.

Huko kituoni nako mambo hayakuwa rahisi, kwani polisi walisita kuandikisha kesi. Alishikilia. Oktoba mwaka huo, mahakama ilimhukumu dereva kifungo cha miaka mitatu pamoja na kazi ngumu, na kumtoza faini ya pauni 5,001 za Misri. Hukumu hiyo ilitajwa kuwa ya kwanza ya aina yake nchini humo.

Kesi hiyo ilifungua vinywa. Mnamo 2010 mwelekezaji Mohamed Diab alitoa filamu iitwayo '678', ambayo jina lake ni nambari ya basi, akisimulia habari za wanawake watatu waliochoka kunyamaza. Mwishoni mwa mwaka uo huo likaanzishwa shirika la HarassMap, lililopokea taarifa za usumbufu kwa njia ya simu na mtandao na kuziweka kwenye ramani, ili ionekane ni mitaa ipi inayoongoza.

Kisha yakaja mapinduzi ya 2011, na pamoja nayo somo chungu kuhusu umati wa watu. Usiku wa Februari 11, saa chache baada ya Rais Hosni Mubarak kung'atuka, bustani ya Tahrir ilikuwa imefurika watu wakishangilia. Ni katika shangwe hizo ambapo Lara Logan, mwanahabari wa runinga ya CBS ya Marekani, alizingirwa na kundi la wanaume na kudhulumiwa vibaya. Aliokolewa na wanawake wa Misri waliokuwepo pamoja na wanajeshi.

Mashambulio kama hayo yalirudiwa mara nyingi katika bustani hiyo hiyo hadi 2013. Namna yake ilikuwa moja: wanaume hujipanga duara, humtenganisha mwanamke na wenzake, na wale wanaojitia kumwokoa huwa miongoni mwa wanaomshambulia. Vijana wa kujitolea, wa kike kwa wa kiume, waliunda vikosi vya kuvunja duara hizo, wakivalia fulana maalumu na kofia ngumu ili watambulikane.

Mgeni hana shughuli katikati ya umati, hata ukiwa wa furaha ya mpira au ya sikukuu. Akijikuta humo, mahali pa kukimbilia ni ukutani au ndani ya duka, mgongo ukiwa umekingwa, na msaada wa kuaminiwa kwanza ni wa wanawake wengine.

Sheria ilichelewa lakini ikafika. Mnamo Juni 2014, Rais wa muda Adly Mansour alitia saini marekebisho ya sheria ya adhabu yaliyotaja kosa la usumbufu wa kijinsia waziwazi kwa mara ya kwanza. Siku chache baadaye, wanawake walishambuliwa huko Tahrir wakati wa sherehe za kumwapisha Rais Abdel Fattah el-Sisi, na kufikia Julai mahakama ilikuwa imewahukumu wanaume saba vifungo virefu, baadhi yao kifungo cha maisha.

Mnamo 2020, baada ya mamia ya wasichana kujitokeza mtandaoni kusimulia waliyotendewa, sheria nyingine ilipitishwa ili kulinda majina ya walalamishi wasianikwe. Mwaka uliofuata bunge likaongeza adhabu, hivi kwamba kosa hili sasa huadhibiwa kwa kifungo kisichopungua miaka miwili.

Lakini sheria iliyoandikwa na sheria inayofika barabarani ni vitu viwili mbalimbali. Anayeishi Cairo anahitaji mambo madogo madogo ya kila siku.

La kwanza ni usafiri. Treni za chini ya ardhi za jiji hilo, zilizoanza kazi mnamo 1987, zina mabehewa ya wanawake pekee katikati ya treni, nayo huonyeshwa kwa alama kwenye jukwaa la abiria. Anayesimama penye alama hiyo tangu mwanzo hahitaji kusukumana na watu treni inapofika. Mabasi madogo ya abiria, yanayofanana sana na matatu za Nairobi kwa kelele na msongamano, ni rahisi kwa nauli lakini hayana mpango kama huo.

La pili ni sauti. Mwanamke aliyelelewa kuinamisha uso na kupita huona kwamba kunyamaza ndiko ustaarabu, ilhali msumbufu hukitegemea kimya hicho. Cairo kuna neno ambalo Mswahili yeyote analo tayari mdomoni: 'eib', yaani aibu, neno ambalo lugha zote mbili zinalo kutokana na asili moja ya Kiarabu. Likitamkwa kwa sauti kubwa mbele za watu, wenye maduka na wapita njia hugeuka, na aghalabu mzee mmoja atainuka kumkemea kijana. Msumbufu mwenyewe huitwa 'mutaharrish', na neno hilo sasa lina uzito kwa kuwa watu wanajua lina kifungo nyuma yake.

Kupiga kelele hakufai kila mahali. Katika uchochoro usio na watu, au usiku ambapo msumbufu ana wenzake, la busara ni kuondoka upesi kuelekea penye taa na maduka, si kusimama kubishana.

La tatu ni polisi. Nambari ya dharura ya polisi nchini Misri ni 122, na ya polisi wa watalii ni 126. Baraza la Kitaifa la Wanawake la nchi hiyo hupokea malalamishi kwa nambari 15115. Anayefika kituoni anapaswa kusisitiza aandikiwe 'mahdar', yaani taarifa rasmi ya polisi, kwa kuwa bila karatasi hiyo hakuna kesi itakayopelekwa kwa mwendesha mashtaka. Aende na pasipoti yake au nakala yake, na ikiwezekana na shahidi mmoja. Nambari ya gari, saa, jina la duka lililo karibu na iwapo duka hilo lina kamera ni mambo yanayofaa kuandikwa kwenye simu papo hapo, kabla akili haijatulia na kuanza kusahau.

Huko kituoni, mlalamishi huenda akashawishiwa akubali 'sulh'. Mswahili atalitambua neno hilo pia: ni suluhu. Jamaa za mshtakiwa humzunguka mlalamishi wakimlilia kwamba kijana wao atapoteza kazi na mustakabali wake. Mgeni aliye peke yake ndiye rahisi zaidi kulainishwa, kwa hivyo asiende peke yake. Ubalozi wa Kenya jijini Cairo, chama cha wanafunzi, au mwenyeji anayeijua lugha ni watu wa kupigiwa simu kabla ya kuingia kituoni.

Kwa mwanamke mweusi kuna mzigo wa ziada ambao vitabu vingi vya watalii haviugusi. Licha ya kusumbuliwa kwa sababu ya kuwa mwanamke, huitwa kwa rangi ya ngozi yake, mathalani 'samara' au 'shokolata', na wapo wanaomdhania moja kwa moja kuwa amekuja kufanya ukahaba. Nasaha zilizoandikwa kwa ajili ya watalii wa Ulaya hazitoshi kwake.

Rangi na jinsia zikichanganyika, hatari huongezeka, na mfano mchungu zaidi unatoka India. Usiku wa Januari 31, 2016, katika jiji la Bengaluru, mwanafunzi wa kike kutoka Tanzania mwenye umri wa miaka 21 alitolewa kwenye gari na kundi la watu, akapigwa na kuvuliwa nguo ya juu, nalo gari likateketezwa.

Kisa chake kilikuwa kwamba mwanamume kutoka Sudan alikuwa amemgonga na kumuua mwanamke kwa gari mtaani humo muda mfupi kabla ya hapo. Mtanzania huyo hakumjua Msudani huyo wala hakuwepo ajali ilipotokea. Alipojaribu kupanda basi ili akimbie, abiria walimsukuma nje. Tanzania ililalamika rasmi, watu kadhaa wakakamatwa na maafisa wa polisi wakasimamishwa kazi.

India haikosi sheria. Baada ya msichana aliyenajisiwa na kundi la wanaume ndani ya basi jijini Delhi mnamo Desemba 2012 kufariki, bunge lilibadilisha sheria ya adhabu mwaka wa 2013 na kutaja makosa ya kushikwa, kufuatwafuatwa na kuchunguliwa. Treni za Delhi zina behewa la wanawake upande wa mbele tangu 2010. Nambari ya dharura huko ni 112. Mkenya anayempeleka jamaa yake hospitalini India ahifadhi nambari hiyo kwenye simu kabla hajatoka kwenye uwanja wa ndege.

Si kweli kwamba mambo haya ni ya nchi maskini tu. Japani, inayosifiwa kwa utulivu wake, imekuwa na tatizo sugu la wanaume wanaowashikashika wanawake katika treni zilizojaa, kosa liitwalo 'chikan', na kampuni za treni jijini Tokyo zilianza kutenga mabehewa ya wanawake mwanzoni mwa miaka ya 2000. Polisi wa jiji hilo hata walitoa programu ya simu inayopiga kelele ya kumkemea msumbufu kwa niaba ya mwanamke anayeona haya kusema mwenyewe.

Nchini Ubelgiji, mwanafunzi Sofie Peeters alizirekodi kwa siri kauli alizotupiwa akitembea Brussels na kuzitoa katika filamu mnamo 2012. Miaka miwili baadaye nchi hiyo ilipitisha sheria dhidi ya ubaguzi wa kijinsia hadharani. Ufaransa ilifuata mnamo Agosti 2018 kwa faini ya euro 90 hadi 750 inayoweza kutozwa papo hapo. Majira hayo hayo ya kiangazi, mwanafunzi Marie Laguerre alikuwa amepigwa kofi nje ya mkahawa jijini Paris kwa kumjibu mwanamume aliyemsumbua, na kamera ya mkahawa ikanasa yote. Mwanamume huyo alifungwa miezi sita. Bila kamera hiyo, ni vigumu kuona kesi ingefika wapi.

Anayesafiri kwa treni nchini Uingereza anaweza kuwaandikia polisi wa reli ujumbe mfupi kwa nambari 61016 bila kupiga simu wala kuinua sauti. Ni mpango wa maana kwa msichana aliyekaa kando ya mtu anayemwogopa.

Ghuba ya Uarabuni ina hesabu yake. Saudi Arabia ilipitisha sheria dhidi ya usumbufu wa kijinsia mnamo Mei 2018, yenye kifungo cha hadi miaka miwili na faini ya hadi riyali 100,000, na adhabu huongezeka kufikia miaka mitano na riyali 300,000 katika mazingira fulani. Huko Dubai, treni zilizozinduliwa mnamo 2009 zina sehemu ya wanawake na watoto, na mwanamume anayeingia humo hutozwa faini.

Tatizo ni kwamba kwa Mkenya aliyeajiriwa kama yaya, barabara si mahali anapopatembelea sana. Hatari iko ndani ya nyumba anamolala, na mwenye nyumba hiyo ndiye mdhamini wa kuwepo kwake nchini. Akitoroka bila utaratibu, anaweza kushtakiwa kuwa mtoro hata kabla ya lalamiko lake kusikizwa. Ndiyo maana nakala ya pasipoti, ya mkataba na ya anwani ya mwajiri hazina budi kubaki kwa jamaa nyumbani, na nambari ya ubalozi wa Kenya, uwe Riyadh, Abu Dhabi au Doha, ikaririwe kichwani, kwa kuwa simu ndiyo huwa ya kwanza kunyang'anywa.

Aidha, katika eneo hilo ni muhimu kuzungumza na ubalozi au wakili kabla ya kupiga ripoti ya dhuluma nzito. Mnamo 2013, Marte Deborah Dalelv, raia wa Norway, alipiga ripoti Dubai kwamba alikuwa amenajisiwa. Badala ya kusaidiwa, alihukumiwa miezi 16 gerezani kwa makosa yaliyojumuisha kufanya mapenzi nje ya ndoa na kunywa pombe. Alisamehewa baada ya kilio cha kimataifa. Milki za Kiarabu zimelegeza sheria hiyo tangu wakati huo, ambapo kuanzia 2022 mashtaka ya mapenzi nje ya ndoa baina ya watu wazima waliokubaliana huhitaji malalamiko ya mume, mke au mlezi. Mwanamke asiye na wakili hawezi kutarajiwa kuzijua kona zote hizo akiwa na hofu na maumivu.

Akiwa amenajisiwa, hata hivyo, matibabu hayangojei ushauri wa kisheria. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe, bali ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi.

Limebaki suala la muda, ambalo huziua kesi nyingi za wageni. Msumbufu anaweza kukamatwa leo, lakini mashahidi huitwa wiki nyingi baadaye, na mlalamishi akiwa ameshapanda ndege kesi hufifia. Nchini Misri kuna njia ya kulizuia hilo: kabla ya kuondoka, mlalamishi huandikisha 'tawkil', hati ya kumpa wakili mamlaka ya kumwakilisha, katika ofisi ya serikali inayosajili nyaraka kama hizo. Aliyekwisha kurudi nyumbani atahitaji kuipitishia ubalozini, jambo linalochukua muda zaidi. Kesi ya Noha Rushdi, iliyohesabiwa kuwa ya haraka, ilichukua miezi minne. Viza ya kawaida ya mtalii nchini Misri ni ya siku 30.